Mzizi Hauozi Ardhini: Je, Dondoo Yake Italinda Chakula Chetu?

Muhogo hukaa ardhini mwaka mzima, wakati mwingine hata miwili, udongo umeuzunguka pande zote na mvua inaunyeshea, na siku ukichimbuliwa unatoka mweupe pe. Ung'oe Jumatatu, uuache kwenye kona ya jiko, na Jumatano ukiukata utakuta mistari ya bluu na nyeusi imetambaa ndani, na ukiupika haulainiki. Aliyekulia kwenye nyumba ya muhogo analijua hili tangu utotoni, na kwa kawaida haulizi kwa nini. Mimi nimelibeba swali hilo kwa miaka, kwa sababu linagusa jambo linalosemwa sana siku hizi, na kwa haraka mno: kwamba mizizi ya mimea ina dawa za asili za kuua vijidudu, na kwamba dawa hizo zikikamuliwa kuwa dondoo zinaweza kushika nafasi ya kemikali za viwandani katika kuhifadhi chakula.

Jambo hilo lina ukweli mwingi. Lina pia mitego, na mitego hiyo ndiyo iliyonifanya niandike, maana mmoja wao unaweza kuua familia nzima mezani.

Tuanze na udongo. Gramu moja tu ya udongo wa shamba huwa na bakteria mamilioni mengi, hata kufikia bilioni, pamoja na kuvu wa kila aina. Mzizi umezama humo usiku na mchana, umejaa sukari na wanga, hauna miguu ya kukimbilia wala damu yenye askari kama yetu. Kilichobaki kwake ni kemia. Silaha nyingine huzihifadhi tayari mwilini, nyingine huzitengeneza pale tu unapovamiwa, na nyingine huzitema nje kabla adui hajaingia. Mwaka 2002 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba mizizi ya mrehani iliyooteshwa maabara hutoa asidi ya rozimariniki inapokutana na vimelea vya udongoni, kana kwamba imeonja hatari.

Muhogo nao una silaha, tena ya kuogopwa. Ndani ya chembe zake kuna kitu kiitwacho linamarini, na mahali pengine, kimetengwa, kuna kimeng'enya cha kukivunja. Vikiwa mbalimbali hakuna kinachotokea. Mnyama akiuma, au mpishi akikuna, kuta zinapasuka, viwili hivyo vinakutana na sumu ya sianidi inatoka. Bibi zetu waliolowesha, kuvundika na kuanika muhogo mchungu walikuwa wakiifanyia kazi kemia hiyo bila kuijua kwa jina. Na ile mistari ya siku ya pili? Si kazi ya vijidudu. Ni jeraha la kung'olewa: hewa inaingia, na kemikali za muhogo wenyewe, mojawapo ikiitwa skopoletini, zinaungana na oksijeni na kubadilika rangi. Bakteria na ukungu huja baadaye, nyumba ikiwa imeshabomoka.

Nimeanza na muhogo kwa makusudi. Mzizi wenye sumu ya kutosha kumdhuru mtu hauwezi kujilinda siku tatu nje ya udongo. Kuwa na kemikali kali na kuhifadhika vizuri ni mambo mawili tofauti.

Neno moja, uharibifu wa aina nyingi

Kiswahili kinatupa neno "kuoza" na tunalitwika kila kitu. Nyama iliyokaa kwenye friji mpaka ikawa na utelezi, mara nyingi imevamiwa na bakteria wa jamii ya Pseudomonas, ambao baridi ya friji haiwasumbui sana. Samaki wa baharini hutoa harufu kali kwa sababu bakteria huigeuza kemikali iliyomo kwenye minofu yake kuwa trimethilamini. Mkate huota ukungu. Maziwa na togwa huchachuka, na hapo tuligeuza uharibifu kuwa chakula. Mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri huota kuvu aitwaye Aspergillus flavus, mtengenezaji wa sumukuvu. Kisha kuna vijidudu vinavyoangusha mtu bila kubadili harufu, rangi wala ladha: Salmonella, Listeria, Clostridium botulinum.

Kwa hiyo mtu akikuambia dondoo ya mzizi fulani "inazuia chakula kuharibika", swali la kwanza ni: chakula gani, na kiharibifu gani?

La pili ni la hesabu. Bakteria anayegawanyika kila dakika 20 akipata joto na chakula, baada ya saa nane huyo mmoja amekuwa zaidi ya milioni 16. Sasa tuseme umeweka dondoo iliyoua asilimia 90 yao. Kwenye tangazo, hiyo ni namba ya kujivunia. Lakini wale waliobaki, kama dondoo imeisha nguvu, watairudisha idadi yote kwa muda wa saa moja na dakika chache. Ndiyo sababu wataalamu wa usalama wa chakula hawahesabu kwa asilimia bali kwa ngazi za kumi: punguza mara kumi, kisha mara mia, kisha mara elfu. Dawa ya kutegemewa inapaswa kushuka ngazi kadhaa, au iwafunge bakteria wasizaliane kwa siku nyingi. Kuua na kuzuia ni kazi mbili, na dondoo nyingi za mizizi hufanya ile ya pili.

Ukali unaopanda puani

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko midomoni mwa watu wetu kila alfajiri. Mti wa mswaki, Salvadora persica, huota kwenye maeneo makavu kuanzia Afrika hadi Uarabuni na India. Aliyetafuna kijiti kibichi cha mzizi wake anaujua ule mwasho unaopanda mpaka puani. Mwasho huo ni benzili isothayosayaneti, na unazaliwa kwa mtindo uleule wa muhogo: kemikali moja na kimeng'enya kimoja, vyumba viwili, ukuta ukivunjika vinakutana. Haradali hufanya hivyo. Wasabi wa Wajapani pia.

Mwaka 2011 watafiti wa taasisi ya Karolinska nchini Sweden walitoa matokeo yao kuhusu mzizi wa mswaki, na yalikuwa ya kushangaza kwa sababu yalikwenda kinyume na kanuni. Ili kuielewa kanuni yenyewe, turudi nyuma hadi 1884, wakati daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, akiwa Berlin aligundua kwamba bakteria wakipakwa rangi ya zambarau kisha wakasuuzwa, wengine huishika na wengine huiachia. Tofauti hiyo ya rangi, ilivyojulikana baadaye, inatokana na ukuta wa bakteria. Wanaoishika, Gram chanya, wana ukuta mnene lakini wenye matundu. Humo wamo Listeria na Staphylococcus. Wanaoiachia, Gram hasi, wana utando wa ziada nje, kama mtu aliyevaa koti la mvua juu ya nguo. Humo wamo Salmonella, E. koli na yule Pseudomonas wa kwenye nyama. Kemikali nyingi za mimea hupenda mafuta kuliko maji, na koti hilo la mvua huzizuia. Kwa kawaida, basi, dondoo za mizizi huwaumiza Gram chanya na kuwapita Gram hasi.

Mswaki ulifanya kinyume. Uliwaua haraka Gram hasi, huku wengi wa Gram chanya wakizuiwa tu kukua au wasiguswe kabisa. Faraja ya matokeo hayo kwa mtu wa pwani ni kubwa. Lakini tusirukie kuuweka mswaki kwenye samaki. Kemikali hii ni hewa nusu, inaruka. Ndiyo inayoufanya mzizi mbichi uwe na nguvu na mzizi uliokaa dukani miezi uwe mti tu.

Wajapani wamelitumia hilo la kuruka kwa akili. Badala ya kuchanganya dawa kwenye chakula, hutengeneza vifuko na karatasi zinazoachia taratibu mvuke wa kemikali ya haradali na wasabi ndani ya chombo kilichofungwa. Mvuke hukaa juu ya wali au mboga, ukungu unashindwa kuota, na ulimi haupati ukali mwingi. Kwangu hii ni kazi bora zaidi kuliko nyingi zilizofanywa na dondoo za mimea, kwa sababu aliyeibuni alikubali tabia ya kemikali yake akaifuata, hakujaribu kuilazimisha.

Kitunguu saumu, ambacho si mzizi bali ni tunguu la majani yaliyonenepa, kina mtindo huohuo. Kikiwa kizima hakina harufu kubwa. Ukikiponda, kemikali iitwayo alisini inazaliwa. Wamarekani Cavallito na Bailey waliitenga mwaka 1944 na kuonyesha inavyopiga bakteria. Ukikitia kwenye mafuta ya moto kabla hujakiponda, kimeng'enya kinakufa na alisini haizaliwi. Kilichobaki ni ladha.

Tangawizi na manjano pia, kwa wanaopenda usahihi, si mizizi: ni mashina yaliyolala chini ya udongo, yenye macho ya kuchipua. Hizi hazina vyumba viwili. Silaha zao ziko tayari. Tangawizi mbichi ina jinjeroli. Ukiikausha, sehemu ya jinjeroli hupoteza maji na kugeuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi, ndiyo maana unga wa tangawizi huchoma koo tofauti na ile mbichi. Kwa mwenye kiwanda, maana yake ni kwamba "dondoo ya tangawizi" si kitu kimoja. Ya mbichi na ya kavu ni dawa mbili, na kila moja hubadilika tena kwa aina ya mbegu, udongo, na umri wa mmea siku ya kuchimbwa.

Manjano ina kurkumini, na shida zake zote mbili zimeandikwa kwenye nguo zetu. Doa la pilau au mchuzi wa manjano ukilipaka sabuni hugeuka jekundu: kurkumini haipatani na mazingira ya alkali, hubadilika na kuvunjika. Ukiianika nguo hiyo juani, doa hufifia: mwanga nao huivunja. Ongeza la tatu, kwamba karibu haiyeyuki kabisa kwenye maji, na utaelewa kwa nini maelfu ya majaribio yenye matumaini hayajaifanya kihifadhi cha kila mahali. Mwaka 2017 wanakemia wa Marekani waliandika kwa ukali kwamba kurkumini huvuruga vipimo vingi vya maabara kiasi cha kutoa majibu ya "imefanya kazi" pale ambapo haijafanya. Nchi nyingi zinairuhusu kama rangi ya chakula, kwa namba E100, na hiyo ni kazi inayoifanya vizuri.

Kutoka kwenye kisahani cha maabara hadi kwenye sufuria

Hapa ndipo habari nyingi za mitandaoni zinapokatikia njiani. Jaribio la kawaida huwa hivi. Mzizi husagwa, hulowekwa katika maji, spiriti au kiyeyushi kingine, huchujwa, na kinachobaki baada ya kukausha ndiyo dondoo. Bakteria hupandwa juu ya kisahani cha agari, yaani jeli ya kuoteshea vijidudu, karatasi ndogo iliyochovywa dondoo huwekwa katikati, na kesho yake mtafiti hupima duara lisilo na bakteria. Duara kubwa, habari njema.

Ila duara hilo linapima pia jinsi dawa inavyosambaa kwenye agari, ambayo sehemu kubwa ni maji. Dawa ya mafuta yenye nguvu inaweza kutoa duara dogo kwa sababu tu haikuweza kutembea. Na kiyeyushi kina neno lake: methanoli hukamua vizuri sana, lakini ni sumu, na dondoo yake haiwezi kuingia kwenye chakula hivi hivi bila kuhakikishwa kwamba methanoli yote imeondoka.

Shida kubwa zaidi ni chakula chenyewe. Nyama ina mafuta, na dawa inayopenda mafuta hujificha humo huku bakteria wakiendelea kuishi kwenye majimaji ya nyama. Protini huzishika kemikali za mimea na kuzifunga. Mwaka 2004 mtafiti Sara Burt wa Uholanzi alikusanya matokeo ya wenzake kuhusu mafuta ya mimea yanayonukia, na hesabu aliyoitoa ningependa ibandikwe kwenye mlango wa kila maabara. Ili kupata nguvu ileile iliyoonekana maabara, maziwa yaliyopunguzwa mafuta yalihitaji dawa kama mara mbili, soseji ya maini ya nguruwe mara kumi, supu mara hamsini, na jibini laini kati ya mara 25 na 100.

Tuseme, kwa mfano tu, dondoo yako ya tangawizi imewazuia bakteria kwa gramu mbili katika lita moja ya mchuzi wa maabara. Zidisha mara kumi: gramu 20 kwa kila kilo ya soseji. Hiyo si soseji tena. Mlaji ataikataa kabla bakteria hajaikataa. Ulimi ndio hakimu wa mwisho wa vihifadhi hivi, na wengi waliofaulu maabara wamehukumiwa hapo.

Kuna jambo jingine linalonivutia, nalo ni kwamba mmea hautumii dawa moja. Mimea ya jamii ya Berberis, yenye mizizi ya rangi ya manjano, hutengeneza berberini. Ikitengwa na kuwekwa peke yake, berberini ni dhaifu dhidi ya Staphylococcus aureus, kwa sababu bakteria huyo ana pampu za kuitema nje. Mwaka 2000 Frank Stermitz, Kim Lewis na wenzao walionyesha kwamba mmea huo huo hutengeneza kemikali ya pili isiyoua chochote, kazi yake kuziba pampu. Zikiwa pamoja, bakteria hana pa kutokea. Kiwanda kinachotaka kemikali moja safi, yenye kipimo kimoja, huenda kinaitupa nusu ya silaha kwenye pipa la takataka.

Mitego

Sasa lile la kuua. Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua botulizimu, ugonjwa wa kupooza unaoletwa na sumu ya Clostridium botulinum, baada ya kula katika mkahawa mmoja. Chanzo kilikuwa kitunguu saumu kilichokatwakatwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta bila kuwekwa kwenye baridi. Mwaka 1989 yakatokea mengine jimbo la New York, na mamlaka ya Marekani ikaagiza bidhaa za aina hiyo zitiwe asidi. Fikiria: mmea unaosifiwa kuliko yote kwa kuua bakteria, na ndani yake bakteria hatari kuliko wengi akastawi.

Sababu ni nyepesi ukishaiona. Clostridium botulinum huishi udongoni akiwa amejifunga kama mbegu, na kila kinachotoka udongoni humbeba: kitunguu saumu, tangawizi, manjano, karoti. Mbegu hiyo haichipui penye hewa. Mafuta huifukuza hewa. Kitunguu hakina asidi ya kutosha kumzuia, na alisini huvunjika baada ya muda. Mpaka wiki mbili kupita, ulinzi umeondoka na adui yumo ndani, na sumu yake haina harufu.

Nayasema haya kwa sababu ni mazoea ya jikoni kwetu kusaga tangawizi na kitunguu saumu, kumimina mafuta juu na kuweka chupa kabatini kwa wiki kadhaa. Tafadhali usifanye hivyo. Weka kwenye friji na umalize ndani ya siku chache, au gandisha vipande vidogo uvitoe kimoja kimoja. Kuongeza tangawizi zaidi hakusaidii.

Mtego wa pili ni pua. Shombo na utelezi ni kengele. Dondoo inayowazuia bakteria wa harufu na kuwaacha wa sumu imekunyang'anya kengele na kukuachia mwizi. Jodari aliyekaa juani hutengeneza histamini inayowasha mwili na kufunga kifua, na kumpika hakuiondoi. Ukimpaka viungo vikali vya mizizi, hutaigundua hata kidogo.

Sumukuvu inafuata njia hiyo hiyo. Maabara imeonyesha mara nyingi kwamba mafuta ya tangawizi na ya manjano humzuia Aspergillus flavus kukua na kutengeneza sumu. Hilo ni la maana sana kwetu: mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, katika maeneo ya Makueni na Kitui, mahindi yenye sumukuvu yaliwafanya watu 317 waugue na kuwaua 125. Lakini kumzuia kuvu kabla hajaota ni jambo moja, na kuiondoa sumu aliyokwisha kuiacha ni jingine. Moto wa jiko hauimalizi, wala dondoo. Turubai la kuanikia, na gunia lililowekwa juu ya chaga badala ya sakafuni, vimeokoa watu wengi kuliko chupa yoyote ya mafuta ya manjano.

Na neno "asili" lisitulaze usingizi. Wamarekani walitengeneza kinywaji kitamu kwa mzizi wa mti wa sassafras kwa vizazi, hadi mwaka 1960 ulipopigwa marufuku kuwekwa safroli, kemikali yake kuu, kwenye chakula, baada ya panya kupata saratani ya ini. Urukususu, mzizi mtamu ambao Waarabu hukamua kinywaji chake wakati wa Ramadhani, una glabridini inayowazuia bakteria wa Gram chanya. Una pia glisirizini, ambayo ikizidi hupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu mwilini. Mlonge, majani yake ni mboga njema, lakini mzizi wake si wa kuchezea. Kihifadhi cha mzizi kinahitaji kupimwa usalama kwa ukali ule ule wa benzoeti, kihifadhi cha kiwandani, wala sioni sababu ya kukipunguzia.

Mzizi kama kizingiti kimoja

Baada ya haya yote, mtu anaweza kudhani nazipuuza dondoo hizi. La, hasha. Nadhani zimepewa kazi isiyo yao.

Mtaalamu wa nyama wa Ujerumani, Lothar Leistner, miaka ya 1970 alieleza kuhifadhi chakula kama mbio za vizingiti. Bakteria anaruka chumvi, ingawa anachoka. Anakutana na asidi, anachoka zaidi. Kisha ukavu, kisha baridi, na nguvu yote ya kuzaliana imeishia kwenye kujiokoa. Hakuna kizingiti kimoja kilicho kirefu. Ni wingi wao unaomshinda. Ng'onda wa pwani ni vizingiti vitatu: kapasuliwa damu na matumbo vikatoka, katiwa chumvi, kaanikwa juani. Mishkaki iliyolazwa kwenye ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na chumvi ni vinne, na hapo tangawizi ina kazi halisi, kwa sababu asidi na chumvi vimeshamdhoofisha bakteria na kiasi kidogo kinatosha. Kiasi hicho kidogo ndicho ulimi unachokipenda. Utafiti unaonipa matumaini sasa ni ule unaokwenda njia hii: dondoo kidogo ndani ya ngozi nyembamba ya wanga au ya kitosani (itokanayo na magamba ya kamba) inayopakwa juu ya tunda au minofu, pamoja na baridi, au mafuta ya mzizi yaliyosagwa kuwa matone madogo mno ili yasambae kwenye maji.

Wapo waliodai kwamba watu wa nchi za joto hula viungo vingi kwa sababu hiyo hiyo ya kupambana na vijidudu. Mwaka 1998 Jennifer Billing na Paul Sherman walipitia mapishi ya nyama zaidi ya 4,500 kutoka nchi 36 wakaona kadiri joto linavyopanda ndivyo viungo vinavyoongezeka. Nadharia tamu, na niliiamini kwa muda mrefu. Mwaka 2021 kikundi cha Lindell Bromham huko Australia kilichambua mapishi zaidi ya 33,000, kikahitimisha kwamba ushahidi wa dai hilo ni mdogo. Viungo vinafuatana na joto, lakini joto linafuatana na mambo mengine mengi, umaskini ukiwemo. Na hata jikoni tunaona: dada akipika mchuzi wa papa kwa viungo vingi asubuhi, jioni lazima aupashe moto tena.

Limebaki la anayechimba. Ukichuma majani, mti unabaki. Ukichukua mzizi, mara nyingi umeuchukua mmea. Mkombero, ambao Waganda huuita mulondo na wanasayansi Mondia whitei, hutafunwa magharibi mwa Kenya kwa ladha na nguvu, na soko lake limeufanya uadimike kwenye msitu wa Kakamega. Siku mzizi wa porini ukitangazwa kuwa kihifadhi cha chakula na mnunuzi akaja na lori, utakaotangulia kwisha ni msitu. Kwa hiyo, kati ya yote niliyoyataja, ningeanza na tangawizi, si kwa sababu ina nguvu kuliko mswaki. Inalimwa, wakulima wa Mamba Miamba huko Same, Tanzania, wanaijua kama kiganja cha mkono, na ukivunja kidole kimoja chenye jicho ukakirudisha udongoni, baada ya miezi minane hadi kumi unachimba nyingine.